Barua ya wazi kwa Kamisheni ya Maafa: timu ya kwenda Komoro na Msumbiji ifunzwe sasa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar.

Mheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Wete, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilipita katika kambi za kipindupindu. Nina ombi moja: Zanzibar iwe na timu ndogo iliyofunzwa kwenda kuwasaidia majirani zetu wa Komoro na kaskazini ya Msumbiji wanapopigwa na kimbunga.

Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, na tarehe 27 mwezi huo huo kipindupindu kikatangazwa. Aprili 25 Kenneth, kilichokuwa kimepita Komoro, kikaingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na kukiharibu vibaya kisiwa cha Ibo. Desemba 2024 ikawa zamu ya Mayotte kwa kimbunga Chido, nacho kikaendelea hadi Msumbiji. Mambo haya yakitokea, sisi huku tunatazama picha kwenye simu, tunaomba dua, na mwenye uwezo anachanga. Ni wema, Mwenyezi Mungu aupokee. Lakini tunaweza zaidi ya hapo. Kimwani, lugha ya watu wa pwani ya Ibo na Mocímboa da Praia huko Cabo Delgado, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu. Mama wa kule akieleza mwanawe ameanza kuharisha lini, muuguzi wa Pemba atashika mengi kabla mkalimani hajatafutwa. Timu itokayo Ulaya haina bahati hiyo.

Ari bila mafunzo, Mheshimiwa, inaua. Haiti ilipigwa na tetemeko Januari 2010, na Oktoba mwaka huo kipindupindu kikazuka kutokana na maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa yaliyoingia mtoni. Walikufa maelfu ya watu, na Umoja wa Mataifa haukuomba radhi hadi Desemba 2016. Sisi nasi kipindupindu tunakijua, kwa hiyo mtu wetu anaweza kukibeba tumboni bila kujijua. Somo la kwanza la timu yetu liwe choo cha kambi yake yenyewe: kichimbwe wapi, maji yake yaende wapi, nani anakikagua asubuhi.

Shirika la Afya Duniani limeweka viwango vya timu za tiba za dharura. Timu ya daraja la kwanza inayohamahama hutakiwa kuweza kuona wagonjwa wasiopungua 50 kwa siku na kujitegemea kwa wiki mbili, kuanzia chakula, maji na mahema hadi dawa na mafuta ya jenereta. Hapo ndipo pa kulenga. Najua wapo watakaotaka timu ya kuopoa watu kwenye vifusi, kama zile tulizoziona Uturuki mwaka 2023. Timu nzito ya aina hiyo, kwa viwango vya INSARAG, mtandao wa Umoja wa Mataifa wa timu za uokoaji, lazima iweze kufanya kazi sehemu mbili kwa pamoja, saa 24, siku kumi mfululizo. Ni ghali mno, na maafa ya majirani zetu hawa ni ya upepo na maji. Kwa maoni yangu hilo tuwaachie wengine.

Mafunzo yenyewe yasiwe ya ukumbini na posho. Chukua kazi ya kutibu maji. Darasani kila mtu anaiweza. Mlete mtu huyo huyo usiku, mvua inanyesha, watu wamepanga ndoo na wanapiga kelele, uone kama hatamwaga klorini kwa kukisia. Maji ya tope yanaila klorini, lazima kwanza yatulizwe au yachujwe. Ukishatia dawa unasubiri nusu saa, kisha unapima: ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikipungua, maji hayana kinga. Ikizidi sana, watu wanachukia harufu na kurudi kwenye kisima kichafu, na kazi yote imepotea. Ile nusu saa ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu wenye kiu wapo mbele yako. Mtu aizoee hapa, mazoezini, wakati wa masika.

Watu tunao. Wapo wauguzi na maafisa afya, mabaharia wa KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), Zimamoto na Uokozi, vijana wa Msalaba Mwekundu. Naomba wavuvi wasisahauliwe. Ilipozama meli ya Spice Islander, Septemba 2011, wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kuokoa watu, na baadaye wakaja wazamiaji kutoka Afrika Kusini. Timu inayojua kwenda kwa watu itajua pia kupokea wageni siku ya msiba wetu: kuwaandikisha, kuwapangia kazi, kuwazuia wasigongane.

Makaratasi nayo yaanze mapema. Mambo ya nje ni ya Muungano, na timu haiingii nchi ya watu bila mwenyeji kuomba au kukubali. Basi makubaliano na Dodoma, leseni za wauguzi, kadi za homa ya manjano na orodha ya dawa kwa ajili ya forodha viwe tayari kwenye faili. Apatikane pia mtu wa Kireno na mtu wa Kifaransa.

Msimu wa vimbunga upande wetu huanza Novemba hadi Aprili. Kabla ya Novemba ijayo naomba lifanyike zoezi moja tu hapa Pemba: watu waitwe bila kujulishwa siku, mzigo upakiwe botini bandarini Wete, kambi isimamishwe na watu wakae humo kwa walichobeba wenyewe. Somo la maji na la dripu niko tayari kulifundisha bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mstaafu, Wete, Pemba