Wanaofuga samaki wa bahari nyumbani

Mhariri,

Nina tangi la kioo la samaki wa bahari hapa Kikwajuni, na vijana hunijia kuuliza kwa nini samaki wao wamekufa. Wametia maji leo, kesho samaki! Tangi jipya lataka wiki kadhaa, bakteria waenee kwenye mawe, ndio waigeuze amonia ya kinyesi, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa naitraiti, nayo sumu, kisha naitreti, isiyodhuru sana. Na maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki. Basi hayaongezwi maji ya bahari, huongezwa yasiyo na chumvi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari (umeme wetu mnaujua).

Lakini kung'oa matumbawe hai miambani kwa ajili ya sebule, hapo siwasaidii. Bwana mhariri, naomba mlichapishe hili.

Mfugaji, Kikwajuni, Unguja