Watu wa Tanga turudi kwenye blogu zetu

Mhariri, salam sana wewe na wenzio hapo ofisini. Mie msomaji wako wa Ngamiani, nakuandikia kuhusu hizi blogu za watu binafsi zinavyokufa moja moja, maana naona kila mtu kanyamaza na mie jambo hili linaniuma kweli.

Vijana wa saivi ukiwatajia blogu wanafikiria zile za udaku na picha za viongozi wakikata utepe. Lakini kulikuwa na kipindi, tuseme kuanzia 2005 hivi, mtu anaingia intaneti kafe, analipia nusu saa yake, anafungua ukurasa wa bure Blogspot au WordPress alafu anaandika anachokijua yeye. Ndesanjo Macha alikuwa na Jikomboe yake, anaandika Kiswahili wakati wengi waliamini intaneti ni ya Kiingereza tu. Issa Michuzi naye akaanza ya kwake hiyo 2005. Na wengine wengi hawakuwa na jina lolote, walimu, manesi, wanachuo, mtu yuko ughaibuni anaandika anavyohangaika watoto wake wasisahau Kiswahili, na ukishuka chini kwenye komenti unakuta watu wanabishana kwa hoja, komenti nyingine ndefu kuliko makala yenyewe.

Ikaja Facebook kwenye simu, ikaja WhatsApp, Instagram, watu wakahama. Siwalaumu, kule ndo kuna watu, na kuandika pasipo na msomaji kunachosha. Ila tuseme ukweli, sio uvivu peke yake uliotuhamisha. Makampuni ya simu yanauza bando la mitandao ya kijamii kwa bei nafuu, na ukiwa na bando hilo tu ukibonyeza linki ya blogu haifunguki, sasa mwenye mia tano yake mfukoni atafanyaje? Instagram ndo kabisa, linki ukiiweka kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, na maelezo yenyewe mwisho herufi 2,200. Google nao 2013 wakafunga Google Reader, iliyokuwa inakukusanyia makala mpya za blogu zote unazofuatilia ukazisoma sehemu moja, ikawa mpaka uzunguke mwenyewe blogu moja moja kujua nani kaandika nini. Na huku kwetu zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, mwenye blogu akatakiwa ajisajili TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na ada ya leseni wakati ule shilingi milioni moja kwa mwaka, achilia mbali hela ya maombi. Mwalimu anayeandika mashairi yake usiku aitoe wapi hiyo milioni? Kanuni ziliandikwa upya 2020, lakini niliokuwa nawasoma wakafunga, wengi mpaka leo hawajarudi.

Hasara yake naiona hapa hapa mtaani. Kuna mzee wetu mmoja alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Kwamba mkonge uliletwa 1893, Mjerumani Hindorf, ukapandwa Kikogwe kule Pangani, hiyo vitabuni ipo. Lakini manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashambani, walikuwa wanalala vipi kambini, mtu akiumwa siku ya kazi kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kinakuwaje, nani anapika, jumapili zinachezwa ngoma gani na wale waliotoka bara ya mbali, hayo anayo yeye kichwani. Mjukuu wake akamuingiza kwenye grupu la mtaa, basi mzee akawa kila baada ya Isha anatuma voisi, ndefu, tamu, watu wanazisubiri. Leo zitafute uone. Huyu kabadili simu, yule kafuta kwasababu simu imejaa, na hata zingekuwepo mtoto wa sekondari Muheza anayetafuta habari za manamba Google hapati kitu, kilicho ndani ya grupu kinabaki ndani ya grupu. Sie tunajenga kwenye kiwanja cha mtu alafu tunashangaa nyumba ikivunjwa.

Najua atatokea mtu aseme mbona blogu nazo zinapotea. Kweli, Yahoo walifunga GeoCities 2009 na kurasa nyingi za watu zikaenda nayo. Lakini Blogspot na WordPress zote zina sehemu ya kupakua maandishi yako yote ukayaweka kwenye flashi, ukahamia kwengine ukitaka, na maandishi hayali bando kama video.

Ombi langu kwako mhariri, tenga kona ndogo tu kwenye gazeti, kila wiki utoe kipande kimoja kutoka blogu ya mtu wa Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe, na anuani yake chini watu wamfuate, maana mwandishi akijua anasomwa ataendelea. TCRA nao watueleze kwa lugha nyepesi mtu anayeandika mambo yake bila kuuza chochote anatakiwa kufanya nini hasa, watu wanaogopa wasichokijua.

Mie na yule mjukuu tumeshakubaliana, mzee atasimulia upya tokea mwanzo na sie tutaandika, na ameshasema anataka aanze na habari za kambini. Ikiwa tayari ntakutumia anuani uichapishe.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga