Mkipima presha ulizieni na figo

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Ukurasa wenu wa afya mnaandika sana kuhusu presha ila kila mara mnaishia kwenye kiharusi na moyo, figo mnazipita kama hazipo, na mimi figo ndo zimenikamata.

Miaka minne nilikuwa napimwa nakutwa na 160 kwa 100, napewa vidonge nameza wiki mbili tatu, namba ikishuka najiona nimepona naacha. Kichwa hakiumi, nalala fofofo, sasa dawa za nini? Mpaka siku nimeenda kupimwa mkojo kwa mambo mengine kabisa wakakuta protini inavuja. Nikaulizwa mkojo una povu? Nikasema ndio, tena halikatiki haraka, ila nani anakaa kuangalia mkojo wake jamani.

Nilivyoeleweshwa ni hivi, kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio ni kama kifundo cha vimishipa vyembamba mno. Damu ikivipiga kwa nguvu mwaka baada ya mwaka vinakakamaa, vinaziba, vinapata makovu, na kikishakufa hakioti kingine, vilivyobaki vinabeba kazi ya wenzao mpaka navyo vinachoka. Alafu figo hizohizo ndo zinatoa chumvi na maji mwilini na kusaidia kupanga presha, sasa zikichoka presha inapanda zaidi, ikipanda zinaumia zaidi, yani huwezi hata kujua kilianza kipi.

Ndo maana nasema mtu mwenye presha asitoke na namba ya mashine peke yake. Aombe kipimo cha albumini, yani ile protini inayovuja, kwenye mkojo, na kreatinini kwenye damu, taka ambayo figo hutoa, ambayo ndo wanakokotolea kiwango cha figo kuchuja. Kiwango kikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu unahesabiwa una ugonjwa sugu wa figo, chini ya 15 unaanza kusikia habari za kusafishwa damu. Vipimo vyote viwili lakini, maana kreatinini inaweza kusoma vizuri huku mkojo unavujisha kitambo. Ukisubiri miguu ivimbe umechelewa.

Na hizi dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, mimi mgongo ulikuwa ukiniuma nilikuwa nazimeza kama karanga, kumbe zinapandisha presha na zinapunguza damu inayoenda kwenye figo. Hakuna aliyeniuliza kama nazitumia, na mimi sikusema.

Sasa hivi nameza losartani, dawa ya presha, kila siku, presha iko 128 kwa 80, protini imepungua, kiwango changu cha kuchuja ni 52 na daktari kaniambia ukweli kwamba 90 ya figo nzima nisahau, tunapigania isishuke. Mhariri mkiandika tena habari ya presha wekeni na hilo la mkojo, hata mistari miwili tu.

Msomaji wenu wa siku nyingi