Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kuulizwa mshahara kwa Kihispania

Mdogo wangu mpendwa,

Mama mdogo amenieleza kwamba wiki ijayo utapanda basi kutoka Moshi kuja Arusha kwa usaili wa kazi ya kuongoza watalii, na kwamba usaili wenyewe utafanyika kwa Kihispania. Sina shaka na Kihispania chako cha wanyama, miti na kreta ya Ngorongoro, kwa kuwa nimekusikia ukikizungumza. Hofu yangu iko kwenye lile swali la mwisho, la mshahara, ambalo darasani hatukuwahi kulifanyia mazoezi.

Mshahara unaoutarajia, wengine watauita "expectativas salariales", wengine "aspiraciones" na wengine "pretensiones". Mimi niliulizwa "¿Cuánto pretende ganar?", yaani unakusudia kupata kiasi gani, katika ofisi moja isiyo mbali na Mnara wa Saa, na kwa kuwa nilijifunza Kiingereza, chenye neno "pretend", kabla ya Kihispania, nilidhani naambiwa kwamba najifanya. Kumbe "pretender" kwao ni kukusudia kupata kitu, wala hamna tusi ndani yake. Kwa aibu nikajibu "lo que ustedes consideren", yaani mtakachoona kinafaa. Kwetu jibu hilo ni la adabu, kwa sababu humwachia mwenye kazi nafasi ya kuona haya kukupunja. Aliyenisaili alilisikia kama jibu la mtu asiyejua thamani ya kazi yake, akapanga kiasi alichotaka.

Kwa hiyo nakusihi utaje kiasi. Usianze na "quiero", yaani nataka, neno lililo kavu mno kwa mtu mnayekutana kwa mara ya kwanza. Sema "me gustaría" au "quisiera", yaani ningependa, kisha taja kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano "entre un millón doscientos mil y un millón y medio de chelines al mes", yaani kati ya shilingi milioni moja na laki mbili na milioni moja na nusu kwa mwezi. Hayo maneno "al mes" usiyaache hata kidogo, kwani nchini Hispania mshahara hutajwa mara nyingi kwa mwaka mzima, na wafanyakazi wengi hulipwa mafungu 14, yaani ya miezi 12 pamoja na mawili ya nyongeza, mojawapo likiwa la Krismasi. Wakikupa karatasi uandike, kumbuka kwamba wao huweka nukta pale sisi tunapoweka mkato: 1.500.000.

Neno lililoniumiza kuliko yote ni "bruto". Nilikubali kiasi bila kuuliza kama ni "bruto", kabla ya makato, au "neto", baada ya makato, na mwisho wa mwezi nikakuta kodi ya PAYE imekatwa na asilimia 10 ya NSSF imekatwa, ilhali nilikuwa nimeshamwahidi mama ada kamili ya mdogo wetu wa mwisho. Makato yale yalikuwa halali; kosa langu lilikuwa kunyamaza. Uliza pia kuhusu "propinas", kama bakshishi ya wageni itabaki yako au itagawanywa, na utalipwa nini wakati wa "temporada baja", yaani masika ya Aprili na Mei magari yanapolala.

Njoo siku moja kabla, ulale kwangu. Nitakaa upande wa pili wa meza, nikuite "usted", yaani "wewe" ya heshima, kama mgeni, na nitakurudia swali hilo mpaka uweze kutaja kiasi chako bila kuinamisha macho.

Ni mimi, kaka yako.