Barua ya malalamiko: mbwa aliyenyolewa kwa kisu namba 10

Malindi

Kwa Meneja,
Huduma ya Kuosha na Kunyoa Mbwa,
Malindi.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: MILIMITA 13 NILIZOAGIZA NA MILIMITA MOJA UNUSU NILIZOPEWA

Nalalamikia kazi aliyofanyiwa mbwa wangu Simsim kwenu Jumamosi iliyopita. Ni jike mweupe wa kilo 5, chotara wa Maltese na Poodle, mwenye manyoya laini ya mawimbi yanayoota mfululizo kama nywele za mtu. Niliagiza ule mtindo wa dubu: mwili milimita 13, miguu izidi kidogo, uso uviringwe kwa makasi. Nilikabidhiwa mbwa aliyekwanguliwa mgongo hadi ngozi ya waridi inaonekana, ubavuni ana mistari ya mashine, na kwapa la kushoto limebabuka mahali penye ukubwa wa sarafu ya shilingi tano.

Kosa limeandikwa kwenye fomu yenu wenyewe. Palipoulizwa urefu, mhudumu ameandika "Na. 10". Nadhani aliyenyoa amezoea kunyoa watu. Kwa kinyozi, namba ni ya kitana cha plastiki kinachopachikwa mbele ya mashine, na kila ikipanda nywele hubaki ndefu zaidi: namba 1 ni milimita 3, namba 2 ni 6, namba 4 ni kama 13. Visu vya mashine ya mbwa vinahesabiwa kinyume. Namba ikipanda, manyoya yanafupika. Kisu 4F huacha milimita 9.5, 5F huacha 6.3, 7F huacha 3.2, na namba 10 huacha 1.5 tu. Namba 40 ndiyo ya daktari anayeandaa ngozi kwa upasuaji. Namba 10 ina kazi yake, tena ya lazima: katikati ya vidole vya nyayo, tumboni na chini ya mkia, pale uchafu unaponata. Haipitishwi mgongoni mwa mbwa mweupe atakayetembea juani Malindi. Milimita 13 hupatikana kwa kufunga kisu namba 30, kisha kukipachikia kitana cha urefu huo.

Hata hivyo, kitana hicho kisingepita kwa namna mlivyomwandaa. Nilipomleta, chanuo la chuma lilikuwa likipita mwili mzima isipokuwa nyuma ya masikio, palipokuwa na mafundo mawili madogo. Ninyi mlimtia majini kwanza. Manyoya ya aina hii ni kama sufu ya kondoo: fundo likilowa hujikaza, na likikaukia hapo hugeuka kipande cha blanketi kilichogandana na ngozi. Kwa hiyo mafundo hutolewa makavu, kabla ya tone la maji. Unalibana shina la fundo kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe, unalifumua kwa ncha ya chanuo kuanzia nje kuja ndani, halafu ndipo brashi ya waya inapita, safu kwa safu, kutoka kwenye ngozi hadi ncha. Brashi inayopapasa juu tu hudanganya macho: juu panapendeza, chini pamesokotana. Mbwa wa pwani anahitaji uangalifu zaidi, maana mchanga na chumvi ya bahari hubaki kwenye mashina ya manyoya.

Baada ya kuoshwa na kusuuzwa mpaka maji yatoke hayana povu, mbwa hukaushwa kabisa huku akibrashiwa ili mawimbi yanyooke. Hapo ndipo mashine huwashwa. Simsim nilipomchukua kifua chake kilikuwa bado kibichi ukikigusa, na hilo ndilo lililoleta mistari ubavuni. Manyoya mabichi hulala na kushikamana, kisu hukata hapa kikaruka pale. Mnyoaji akiona hivyo hurudia palepale mara tatu, mara nne, na ngozi ndiyo inayolipa.

Lile la kwapani ni zito zaidi. Kisu kinachokwenda kasi bila mafuta hupata moto haraka, hasa kwenye chumba chenye joto la kwetu. Kila baada ya dakika chache mnyoaji hukigusisha ndani ya kifundo cha mkono wake. Kikimchoma yeye, kitamchoma mbwa. Hukizima, hukitia matone machache ya mafuta ya mashine, hukipangusa, au huweka kisu cha pili kilichopoa. Kwapani na kwenye kinena ngozi ni nyembamba na ina mikunjo, sharti ivutwe kwa mkono wa pili mpaka inyooke, kisu kilale bapa. Aliyemnyoa hakufanya hivyo.

Nilipoonyesha lile doa, mhudumu wa mapokezi aliniambia nimpake krimu ya watoto ya vipele vya nepi. Tafadhali mkatazeni kutoa ushauri huo. Nyingi za krimu hizo zina oksidi ya zinki, na mbwa hulamba kila anachopakwa. Zinki ikiingia tumboni kwa wingi humtapisha na inaweza kuharibu damu yake. Daktari wa mifugo ndiye aliyemtibu, na risiti yake nimeiambatisha.

Nakiri kwamba kucha zilikatwa vizuri bila kugusa mshipa, na masikio yalikaushwa ndani. Aliyefanya hayo anajua kazi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya huduma. Kwa msingi huo nadai nirudishiwe shilingi 2,500 nilizolipa, pamoja na gharama ya daktari, ndani ya siku 14. Nadai pia fomu yenu iandike urefu kwa milimita, na mteja aonyeshwe kitana chenyewe kabla mashine haijawashwa. Mbwa mwenye mafundo, mwenyewe apigiwe simu kwanza. Kunyoa hadi ngozi kusiamuliwe na mnyoaji peke yake.

Mlinitolea ahadi ya kumsawazisha bure. Siitaki. Manyoya haya huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kwa wiki tano au sita zijazo hapana cha kusawazisha. Muda huo wote Simsim anashinda kivulini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na matembezi yake yamekuwa ya alfajiri.

Wako mwaminifu,
Mwenye Simsim