Vidonge vya soya na wagonjwa wa saratani ya titi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matangazo ya vidonge vya soya na unga wa mimea mingine, ambayo hudai kuwa bidhaa hizo "zinaua seli za saratani ya titi". Mimi ni mfamasia, na hivi karibuni mama mmoja anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, aliniletea kichupa cha vidonge hivyo, akiuliza kama sasa anaweza kuacha dawa aliyopewa kliniki.

Soya ina jenistini, kemikali yenye umbo linalofanana kiasi na la homoni ya estrojeni, na kwa sababu hiyo huweza kujishikiza kwenye vipokezi vya homoni hiyo ndani ya seli. Watafiti wameijaribu mara nyingi kwa seli za saratani ya titi ziitwazo MCF-7, zilizotoka kwa mgonjwa mmoja wa Marekani na kuelezwa na wanasayansi wa Detroit mwaka 1973, ambazo hustawi zikipata estrojeni. Jenistini ikiwa nyingi, ukuaji wa seli hizo hupungua. Ikiwa kidogo, seli huongezeka. Matangazo hutaja jambo la kwanza na kulinyamazia la pili, nami naona huko ni kuwadanganya watu walio katika hofu kubwa. Isitoshe, panya waliopandikizwa seli hizo na kulishwa jenistini walionyesha kuwa nguvu ya tamoksifeni hupungua, ilhali dawa hiyo kazi yake ni kuizuia estrojeni isishike vipokezi hivyo hivyo.

Simkatazi mtu uji wa lishe wenye soya. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliotibiwa saratani ya titi, uliona kuwa waliokula soya kwa wingi walipata vifo vichache zaidi, na ugonjwa haukuwarudia sana. Hao, hata hivyo, walikula chakula cha kawaida, si kiini kilichokamuliwa na kukolezwa katika kidonge.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, kabla ya kuchapa tangazo la namna hii, muulize mwenye bidhaa ni kiasi gani kilichotumika, na kama kilijaribiwa kwa binadamu au katika kisahani cha maabara tu. Yule mama nilimsihi aendelee na tamoksifeni, na kile kichupa ampelekee daktari wake siku ya kliniki.

Mfamasia,
Morogoro