Mheshimiwa Gavana, tuwekee mabenchi Kayole, sisi wa saratani steji ya 4 bado tunatembea

Kwako Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi,

Salamu nyingi kutoka Kayole. Naandika hii kwa simu nikiwa nimekalia kreti ya soda nje ya kibanda cha mama mboga, saa moja asubuhi bado haijafika, na si eti kuna mtu nangoja, ni miguu imekataa. Nitapumzika kidogo halafu nirudi nyumbani. Kutoka kwa geti yetu mpaka hapa, wakati nilikuwa mzima, sigara haikuwa inafika nusu. Siku hizi ni safari, inapangwa tangu jana yake.

Mimi nilikuwa dereva wa matatu miaka 22, Kayole kwenda tao na kurudi. Mwaka jana daktari akaniambia saratani ya tezi dume ishaingia kwa mifupa, iko steji ya 4. Nikamwambia daktari, steji mimi nazijua, ya mwisho ni ile abiria wamebaki wawili na makanga ashaanza kuhesabu pesa. Akacheka kidogo halafu akanyamaza, nikajua hii sasa si mchezo.

Maumivu niko na dawa yake, inasaidia. Kile kitu hakuna mtu aliniambia mapema ni kuchoka. Na sisemi kuchoka kwa kazi, hiyo naijua, unachoka, unakula, unalala, asubuhi uko sawa. Hii unalala masaa 10 na unaamka kama mtu amesukuma mkokoteni usiku mzima. Nikivaa soksi napumzika kati ya mguu wa kwanza na wa pili. Kuna siku nilikaa kwa kitanda na mswaki mkononi mpaka mke wangu akadhani nimelala nikiwa nimekaa, kumbe nilikuwa nafikiria tu venye sinki iko mbali.

Sasa kila mtu wimbo ni mmoja, pumzika mzee. Mke wangu, watoto, watu wa kanisa, hata kliniki nilikuwa naenda wakati huo (sitaitaja, sina ugomvi na wao), wote ni pumzika mzee, wachana na kila kitu. Nikapumzika. Miezi 3 ni kitanda na kochi, TV inawaka tu. Kufika mwisho wa hiyo miezi singeweza kutoka kitandani kwenda choo bila kijana wangu kunishika, kijana ambaye mimi ndio nilimfunza kutembea. Hapo siongezi kitu.

Nilisaidika kwa bahati, nakwambia ukweli. Mgongo ulikuwa umekaza nikapelekwa kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mdogo hivi, kama kitinda mimba wangu. Akaniuliza mzee, kwa siku unatembea kiasi gani, nikamwambia sitembei, niliambiwa nipumzike. Akaweka kalamu chini.

Akanieleza kwamba huu uchovu hauna mzazi mmoja. Ugonjwa wenyewe unafanya mwili ukae kama uko vitani kila saa. Damu inaweza kuwa imeshuka. Dawa kali za maumivu zinaleta usingizi. Mawazo usiku nayo. Halafu ile sindano nadungwa kila miezi 3 inazima homoni ya kiume ndio saratani ikose chakula, na hiyo homoni ndio pia hushikilia misuli, kwa hivyo unaokoa huku unapoteza huku. Halafu juu ya hayo yote nikaongeza kulala. Msuli usipotumika unaisha, ukiisha hata kazi ndogo inakuwa mlima, mlima unakufanya ulale zaidi, na unazunguka hapo tu. Hii niliielewa haraka kuliko vitu vyote nimewahi kuambiwa hospitali, kwa sababu gari ukiiegesha miezi 3 betri inakufa na hakuna mtu aliiendesha.

Hakunirusha barabarani siku hiyo hiyo, alitaka kwanza kuona matokeo ya damu, halafu picha za mifupa ajue ni wapi saratani imekaa. Mtu wa mifupa kama mimi habebi mtungi wa maji, haruki, hajipindi pindi, na anachunga sana asianguke. Siku ya homa, ya kizunguzungu ama kifua kuuma, hakuna kutembea. Na miguu ikianza kufa ganzi ama kuishiwa nguvu ghafla, ama mkojo ukatae au utoke wenyewe, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa uti wa mgongo umebanwa. Hii naiandika hapa makusudi, kuna mtu ataisoma na baba yake yuko nyumbani hivyo.

Tulianza na kiti. Kusimama na kukaa, mara 5, basi. Wiki iliyofuata mpaka mlango. Halafu geti, halafu kinyozi. Kipimo alinipa ni rahisi, ukitembea uweze kuongea lakini ushindwe kuimba (mke wangu anasema hata nikiwa mzima nilikuwa nashindwa kuimba). Akanionya pia kwamba siku nzuri ndio mbaya, nisimalize petroli yote kwa sababu tu barabara iko wazi. Sikusikia. Siku ya kwanza nilijisikia fiti nikaenda mpaka steji kusalimia vijana, nikarudishwa na boda, nikalala siku 2.

Binti yangu ni mtu wa kusoma, akaenda kutafuta kama huyu fizio anatuambia ukweli. Akapata kwamba mwaka 2019 wataalamu wa Marekani wa mambo ya michezo na afya, American College of Sports Medicine, walisema mtu wa saratani akifanya mazoezi ya kawaida dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa wiki kama 8 mpaka 12 hivi, uchovu unapungua. Nikafurahi. Lakini akaniambia baba ngoja, wengi wao si wa steji yako. Kwa watu wa aina yangu akapata utafiti wa Norway wa 2011, wagonjwa 231 ambao saratani ilikuwa imeenda mbali, wakafanyishwa mazoezi wiki 8. Uchovu wao haukupungua kushinda wa wale hawakufanya. Ila nguvu ya mkono iliongezeka, na umbali wa kutembea uliongezeka.

Nikamwambia huyo ni mimi kabisa. Mheshimiwa, bado nachoka. Sikudanganyi eti nilitembea nikapona, na mtu akikuuzia hiyo hadithi mkimbie. Nachoka kila siku, lakini choo naenda mwenyewe. Kwa mtu hajawahi kushikwa kwenda choo hiyo inaonekana kitu kidogo. Na wale wamebakisha siku chache, hao waachwe walale wapendavyo, hii barua si ya kuamsha mtu.

Sasa nikuje kwa shida yenyewe.

Mimi natembea dakika 8 mpaka 10 halafu lazima nikae. Lazima. Na kutoka kwetu mpaka steji hakuna mahali pa kukaa hata moja, isipokuwa hii kreti ya mama mboga, ambayo ni yake ya nyanya, akifungua kazi nainuka. Ukuta wa ploti ya kona waliuwekea chupa zilizovunjika juu, nawaelewa, wezi. Njia ya miguu iko mahali, mahali haiko, na pale iko boda zimepaki, na hao vijana siwalaumu, pia wao hawana pa kukaa. Kuna shimo halina kifuniko, sijui nani alikibeba akauze chuma, mimi na hii mifupa nikiingia hapo ndio mwisho wa hadithi.

Watu wananiambia enda msitu wa Karura, ni kuzuri, kuna hewa. Ni kweli ni kuzuri. Lakini kutoka Kayole mpaka Karura ni matatu 2 na kiingilio, nikifika huko nguvu ya kutembea nishaimaliza nikitafuta mahali pa kutembea.

Jirani yangu mmoja, mama ana saratani ya titi na yake imeenda kwa mapafu, yeye hutembelea ndani ya ploti, kutoka kwa tangi mpaka kwa kamba ya nguo, anazunguka hapo kama saa. Nikamuuliza mbona hatoki nje, akasema nje akiishiwa na pumzi atakalia nini, atakalia udongo watu wakiona? Hilo swali ndio lilinifanya niandike.

Na hatuko wachache. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la WHO kwa mwaka 2022 ni karibu wagonjwa wapya 45,000 Kenya nzima, na vifo zaidi ya 29,000. Wengi tunajulikana ugonjwa ukishaenda mbali. Hatukai hospitali sisi, tunakaa Kayole, Dandora, Kawangware, Githurai, tunapanda ngazi za ghorofa tano zisizo na lifti.

Kaunti ilipitisha sera ya watembea kwa miguu na baiskeli mwaka 2015, nimeambiwa ilisema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende huko. Mimi siombi hiyo asilimia 20 yote. Naomba benchi. Benchi ya simiti, isiyobebeka, iko na mahali pa kushika mkono ndio mtu asimame bila kuvutwa, kila mita 100 au 150 kwa njia moja tu ya kila mtaa, ile inaelekea steji ama hospitali. Mjamzito atakalia, nyanya atakalia, boda atakalia, hakuna hasara. Na pale barabara ni kubwa, kumbuka hayo madaraja ya juu ya waenda kwa miguu ni Mlima Kenya kwa mtu kama mimi, kivuko cha hapo hapo barabarani chenye matuta kingetosha.

Halafu kuna ya hospitali, kwa sababu afya iko chini ya kaunti tangu 2013. Siku ya kliniki ya saratani fizio awe hapo hapo, mlango wa pili, si rufaa ya mwezi ujao. Dakika 15 kwa mgonjwa. Nairobi Hospice iko tangu 1990 hapo karibu na hospitali ya Kenyatta (KNH), watu wanaojua kumtunza mgonjwa wa aina yetu wako hapa mjini, wakiulizwa wataeleza. Mimi nilipata yule msichana kwa sababu mgongo ulikaza. Ungekataa kukaza ningekuwa bado niko kwa kochi.

Kama unaweza kutuma mtu, aje asubuhi, niko njiani kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, tutatembea pamoja pole pole nimwonyeshe. Benchi ya kwanza iwekwe kati ya kinyozi na ile transfoma, upande ule una kivuli asubuhi, hapo ndio miguu hukataa.

Wacha niinuke, mama mboga amekuja na nyanya zake.

Ni mimi,
Dereva wa zamani, Kayole